Je, Aweza Mtu Kusamehe Deni Asilolijua?



Liko swali ambalo watu huulizana wakitoka kanisani, tena kwa sauti ya chini. Mtu anayewasaidia wenzake bure katika mambo ya sheria, je, anakijenga kijiji au anakibomoa? Maana wasaidizi wa kisheria sasa tunao, huku milimani Mbinga na kule mwambao wa ziwa. Si mawakili wenye majoho. Ni watu tunaowafahamu: mwalimu mstaafu, mama mwenye cherehani, kijana aliyemaliza kidato cha nne akapewa mafunzo. Hawalipwi na wale wanaowasaidia. Mjane huwafuata, mvuvi aliyenyang'anywa nyavu huwafuata, msichana aliyeachiwa mtoto huwafuata. Wapo wanaowashukuru sana, na wapo wanaowaita wachochezi. "Kabla yao," husema hao wa pili, "mambo tulikuwa tukiyamaliza nyumbani."

Yafaa tulipime neno hilo bila hasira, kwa kuwa wanaolisema si watu wabaya. Ni kweli kwamba mengi yalimalizwa nyumbani, tena vizuri. Mbuzi ameingia shamba la mahindi, jirani amesogeza mpaka hatua mbili, vijana wametukanana mtumbwini kwa ajili ya mgao wa usipa: mambo ya namna hiyo wazee waliyaweka chini, wakasikiliza, wakatoza jogoo, na jioni watu wakala pamoja. Nani angetaka kuyapeleka hayo mahakamani? Mtu akifunga safari kutoka Lituhi au Chiwindi kwenda kushtakiana kwa ajili ya mbuzi mmoja, nauli peke yake imekwisha kumla huyo mbuzi.

Lakini yako mambo yaliyokwisha kwa sababu watu walipatana, na yako yaliyokwisha kwa sababu mmoja alinyamaza. Kwa nje yanafanana kabisa. Katika yote mawili hakuna kelele, hakuna karatasi ya mahakama, na Jumapili wote wapo kanisani. Tofauti iko moyoni mwa yule mmoja, na moyoni hakuna mzee wa ukoo anayeingia kutazama.

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, wala asimtafute mtu. Ni mfano tu, ingawa sidhani kama kuna mtaa usio na mtu wa kufanana nao. Mama mmoja wa Umatengo amefiwa na mumewe. Wana watoto watatu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, mibuni ya kutosha, na mashamba mawili ya ngolo. Wenyeji wa huku twajua ngolo hulimwaje: mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba, kisha mwanamke huja na jembe, akachimba na kufukia mpaka mlima wote ukawa na mashimo kama sega la nyuki. Basi matanga yakaanuliwa, ukoo ukakaa, na baba mkubwa wa watoto akachaguliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari ukaandikwa, mama naye akatia dole gumba, kikao kikafungwa kwa sala. Mahakama ya Mwanzo ikathibitisha uteuzi huo. Tangu siku ile baba mkubwa huvuna kahawa "kwa niaba ya watoto". Msimu wa kwanza alileta sukari na sare za shule. Msimu wa pili alileta maneno. Msimu wa tatu hakuleta hata maneno. Mama alipouliza, aliambiwa akae kwa amani, asilete aibu katika ukoo uliompokea. Akanyamaza. Alipoulizwa na wanawake wenzake akasema, "Nimewasamehe." Na sote tukamsifu kuwa ni mama wa imani.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Je, huyu mama amesamehe?

Tutazame ni nini hakijui. Hajui kwamba msimamizi si mrithi. Watu wengi hawajui hilo, hata baadhi ya wasimamizi wenyewe. Hudhani ile karatasi yenye muhuri imewapa mali, kumbe imewapa kazi. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka msimamizi katika miezi minne alete mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, katika Fomu Namba 5, na baadaye alete hesabu ya jinsi alivyoigawa, katika Fomu Namba 6. Asipofanya hivyo, mwenye haki katika mirathi ile aweza kwenda kwa karani, akamwomba hakimu amwite msimamizi aeleze, na mahakama ina uwezo wa kumwondoa. Yote hayo hayahitaji wakili. Lakini yanahitaji mtu wa kumwambia mama kwamba fomu hizo zipo.

Tena hajui kwamba juu ya fungu lake mwenyewe sheria si moja. Mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake. Lakini iko sheria nyingine, ya ajabu kidogo kwa asili yake, yaani Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza na ambayo mahakama zetu zimeendelea kuitumia. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili. Ipi itumike? Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi: kama aliyaacha mambo ya kimila akaishi Kikristo, au kama maisha yake yote yalifuata mila. Jibu si rahisi, wala halitoki sawa kila mara. Lakini oneni umbali uliopo kati ya theluthi moja na kutokuwa na kitu. Mama huyu, aliyeolewa kanisani, amebatiza watoto wote na kumzika mumewe kwa ibada, hakuwahi kuambiwa kwamba swali hilo lipo. Aliambiwa jibu tu.

Wala hajui habari ya Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiwamo, ilisema katika kesi ya talaka ya mama huyo kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi naye akazitumia vibaya. Lakini neno lililosemwa katika kesi yake limewafaa wengi baada yake. Kesi ile ilikuwa ya talaka, si ya mirathi, na si vizuri kuchanganya. Hata hivyo mwanamke aliyechimba ngolo kwa mikono yake miaka kumi na mitano, akisikia kwamba mahakama kuu kuliko zote nchini ilisema kazi ya mke ni mchango, hataitazama mikono yake kama alivyoitazama jana.

Basi narudia: je, amesamehe? Mimi nasema bado. Amekata tamaa kwa upole. Kusamehe ni kuachilia kitu ulichokishika, nawe unajua ni kizito kiasi gani. Asiyejua kama anadai, hana cha kuachilia. Katika ule mfano wa mfalme aliyemsamehe mtumwa wake talanta 10,000, tazameni mpango wa mambo. Mfalme hakuanza na kusamehe. Alianza na hesabu. Deni lilitajwa kwa tarakimu mbele ya aliyedai na aliyedaiwa, ndipo likafutwa, na ndiyo maana huruma yake ilikuwa kubwa. Kama vitabu vya hesabu visingefunguliwa, yule mtumwa angetoka akidhani amemshinda mfalme kwa ujanja.

Hii ndiyo kazi ya msaidizi wa kisheria kama ninavyoiona. Hawagombanishi watu, anafungua daftari. Akishamweleza mama yote, mama bado aweza kusema, "Nimejua, na kwa ajili ya watoto kuishi vizuri na baba zao, nawaachia shamba la chini, lakini mibuni sitoi." Hapo amesamehe kweli, na kile alichokisamehe baba mkubwa naye atakijua. Au aweza kusema, "Naenda kwa hakimu." Hilo nalo ni lake kuliamua.

Najua nitaletewa Mtume Paulo, aliyewakemea Wakorintho kwa kuwapeleka ndugu zao mbele ya mahakimu. Nalikubali onyo lake. Lakini katika lawama ile ile aliwauliza kama hawana miongoni mwao hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu na ndugu. Hakuwaambia wasahau dhuluma. Aliwauliza mwenye maarifa yuko wapi. Na Paulo huyo huyo, walipompiga kule Filipi bila hukumu, aliwadai wakubwa waje wenyewe kumtoa gerezani, kwa kuwa alijua haki ya raia wa Rumi. Baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Mbele ya liwali adui zake walikuja na msemaji wao hodari, Tertulo, naye neno la kwanza alilomshtaki Paulo lilikuwa kwamba mtu huyu ni mchochezi. Tangu zamani jina hilo limekuwa jepesi kumbandika mtu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi halitoki katika Maandiko, bali katika methali yetu: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Asiye wa ukoo asijitie katika ugomvi wa ukoo, maana kesho wenyewe watapatana naye atabaki adui wa wote. Ni methali ya busara, na msaidizi yeyote aliyefanya kazi hii mwaka mmoja anajua uchungu wake. Lakini yasema ndugu. Ndugu wawili wa tumbo moja wana sauti moja ukooni; mmoja akimpiga mwenziwe kwa maneno, wa pili anajua pa kumpiga. Mjane, siku ya kuchimba ngolo na kupika kwenye misiba, huitwa mama yetu. Siku ya kugawa huitwa mtu wa kuja. Methali haikumfikiria. Ukichukua jembe ukaenda kulima siku anapogombana na shemeji zake, utakapochukua kapu ukaenda kuvuna utakuta yeye hana shamba.

Tena wanaodhani sheria inachukia kupatana hawajaitazama. Katika mambo ya ardhi, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata halina tena uwezo wa kuhukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, nalo limepewa siku 30. Wakishindwa kupatana ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijijini nako kuna baraza la ardhi la watu saba, na sheria ya mwaka 1999 inataka watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo imesema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kwa hiyo sheria yenyewe imeanza na usuluhishi, kama wazee wetu walivyofanya. Lakini usuluhishi kati ya mtu anayejua na mtu asiyejua ni kama kuuza kahawa kwa mnunuzi ambaye yeye peke yake ndiye awezaye kusoma mizani. Huenda ni mtu mwaminifu. Hata hivyo kila mkulima wa Mbinga angependa mwanawe aliyesoma asimame karibu na mizani ile.

Na wakati tunaposema "subirini mavuno, subirini padre arudi, subirini mwaka uzunguke," sheria inahesabu siku. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Kumbukeni Bi Holaria Pastory wa Kagera, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, mtu wa ukoo akamshtaki kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo yake. Lakini shauri lilipopanda Mahakama ya Wilaya alishinda, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila ile ni ya kibaguzi na haipatani na Katiba. Kama angeshauriwa kukaa kwa amani baada ya hukumu ya kwanza, siku zingepita, na mama zetu wengi wasingelisikia neno hilo.

Sasa, kwa nini msaada huu utolewe bure? Wengine husema ni huruma kwa maskini, kama kumpa mtu nguo. Mimi sikubaliani nao sana. Mahakamani huwezi kujitetea kwa kusema hukuijua sheria. Kutojua si udhuru. Nami naona hivyo ni sawa, la sivyo kila mwizi angesema hakujua. Lakini yeyote anayetushika kwa sheria anadaiwa kutueleza sheria ile. Na kwa miaka mingi sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Yaani mkulima wa Litembo na mvuvi wa Liuli walishikwa kwa kitabu ambacho, hata wangekipata, wasingeweza kukisoma. Mtu akija kuwasomea kitabu hicho bila malipo, hajawapa sadaka. Amewapunguzia deni ambalo taifa zima linadaiwa nao.

Kidogo kidogo nchi imeanza kulikubali deni hilo. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kumpatia wakili mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo, pale haki ilipodai hivyo. Ilikuwa jambo jema, ila yalitokea maajabu haya, kwamba aliyeshtakiwa kwa kuua aliweza kupata wa kumsemea, lakini mjane aliyetolewa nyumbani hakuwa naye. Kitivo cha Sheria kule Dar es Salaam nacho kikaanzisha kamati ya kuwasaidia wananchi bure. Nairobi, mwaka 1973, kikaanzishwa Kituo cha Sheria. Baadaye kikaja Chama cha Wanasheria Wanawake, na wengine. Lakini mawakili walikaa mijini, na hata sasa wengi wako mijini. Mahakama za Mwanzo hazikuwaruhusu mawakili kabisa, kwa nia nzuri ya kumlinda mnyonge asishindwe na fedha za tajiri. Mwaka 2021 mlango ukafunguliwa kwa zile zinazoongozwa na hakimu mkazi, na sasa mwenye fedha aweza kuja na wakili wake. Kwa hiyo asiye na fedha amezidi kuhitaji mtu. Ndipo umuhimu unapoonekana wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria kwa jina lao. Imewapa kazi ya kuelimisha, kushauri, na kumwonyesha mtu njia ya kufuata. Imewakataza kujifanya mawakili, na imewakataza kudai malipo.

Hapo kwenye malipo pana jambo dogo linalonisumbua, maana linagusa desturi zetu. Shauri limekwisha, mama amepata orodha ya mali mahakamani, na asubuhi anakuja kwa msaidizi na kuku chini ya kwapa. Afanye nini? Akimpokea, kesho mwingine asiye na kuku ataona haya kuja, na keshokutwa atasema msaada una bei yake. Akimkataa, amemwambia mama, "Shukrani yako si kitu," na kwetu huko ni kumtukana mtu mlangoni. Nimesikia ushauri mwingi. Mmoja akasema apokee na kumpeleka kuku kanisani kama sadaka. Lakini hiyo si sadaka ya mama, wala si ya msaidizi. Mimi naona aseme hivi: "Mama, mrudishe kuku nyumbani, umpike siku yoyote, nami nitakuja kula pamoja na watoto." Ale naye, asichukue. Mlo wa pamoja hauwi mshahara. Hata hivyo, kama shauri bado liko mbele ya hakimu au baraza, hata huo mlo usubiri.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Katika kijiji kidogo msaidizi wa kisheria mara nyingi ndiye huyo huyo mzee wa kanisa, ndiye huyo huyo mjumbe wa baraza, na huenda ni mjomba wa mmoja wao. Atasimama wapi? Mpatanishi hana upande. Mshauri wa mjane ana upande, na ni lazima awe nao. Mtu hawezi kuwa yote mawili katika shauri moja. Ajapokuwa mtakatifu, macho ya watu hayatamwamini, na siri aliyoambiwa asubuhi akiwa mshauri itamtoka jioni akiwa msuluhishi. Basi na aseme wazi mapema: "Katika jambo hili mimi ni mshauri wa mama, katika baraza sikai." Na kama ni ndugu wa karibu, amtafutie mama mtu mwingine, hata kama ni wa kijiji cha pili.

Na yule baba mkubwa je? Tumemsema sana, naye hayupo kujitetea. Huenda alilipa madeni ya hospitali ya marehemu ambayo mama hayajui. Huenda shamba la chini ni la babu yao, wala halikuwa la marehemu. Huenda hata yeye hajui kwamba fomu zile zipo, na kila siku anayopitisha anajitia hatarini mbele ya mahakama bila kufahamu. Akija naye kuomba ushauri, apewe na mtu mwingine, kwa upole ule ule. Msaada wa bure si zawadi ya watu wema. Kama tungewapa wenye haki tu, tungekuwa tumewahukumu kabla ya hakimu. Nami nimeona kwamba shemeji akisomewa wajibu wa msimamizi, neno kwa neno, na mtu asiyemtukana, mara nyingi huanza kuhesabu mwenyewe.

Yatupasa pia kujitazama sisi wa kanisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwamba, isipokuwa katika sababu chache, wenye ugomvi wa ndoa wafike kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Na jumuiya za dini nazo zaweza kuwa na mabaraza hayo. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kusema limeshindwa. Lakini aweza kutokea mzee ambaye, kwa kuipenda ndoa, anaikalia ile hati. Mama amekuja na jicho limevimba mara ya nne, naye anamwambia arudi wiki ijayo, wakasali kwanza. Kusali ni vema. Kumfungia mtu mlango wa mahakama kwa kuwa ufunguo umewekwa mkononi mwako si kusali. Baraza lisiamue kwa niaba ya mama kwamba amesamehe. Limweleze haki zake, limsikilize, na kama hawakupatana, limpe hati yake siku ile ile.

Limebaki jambo la fedha. Ushauri ni bure, lakini safari si bure. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imetupunguzia taabu nyingi, na tangu Nyasa ilipokuwa wilaya mwaka 2012 ofisi nyingi zimesogea karibu na ziwa. Hata hivyo rufani ikifika Mahakama Kuu ni Songea. Nakala za hukumu, picha za vyeti, cheti cha kifo, siku mbili za kulala kwa jamaa, na watoto wamebaki na nani? Mama wa mfano wetu aweza kujua haki zake zote kwa ufasaha na bado asitoke kijijini. Katika madai ya Mahakama ya Mwanzo, hakimu akikubali, hata ndugu au mtu wa nyumbani aweza kumsemea mhusika. Mwanawe mkubwa aweza kusimama naye. Lakini mwana huyo naye anahitaji nauli.

Sadaka ya mavuno ya kila mwaka huleta mahindi, maharage, ndizi na debe za kahawa, na halmashauri ya mtaa huamua yaende wapi. Sehemu ndogo yaweza kutengwa kuwa nauli ya wenye mashauri, bila kuuliza ni wa madhehebu gani, na itunzwe na mtu asiyekaa katika baraza lolote. Nimeliandika hili kabla ya kikao cha halmashauri ili wajumbe wapate kulifikiria, na walio na pingamizi walete pingamizi lao hapo.